Baiti Iliyookolewa Hulipwa na Nani?

Andika jina "Kisarawe" kwenye ujumbe mfupi wa simu. Lina herufi nane. Kwa hesabu ya kawaida ya kompyuta kila herufi hukaa kwenye baiti moja, yaani biti nane, lakini mtandao wa simu hausafirishi baiti nane kwa ajili ya jina hilo. Unasafirisha saba. Kila herufi imeachiwa biti saba tu, zile inazozihitaji kweli, na zote zimesogezwa zikabanana mpaka ya nane ikapata nafasi kwenye mabaki ya zilizotangulia. Ukiandika "Mzenga" peke yake hupati nafuu hiyo: herufi sita zinataka biti 42, baiti tano zina biti 40, kwa hiyo baiti ya sita haiepukiki. Ujumbe ukirefuka nafuu inajikusanya, na ndiyo maana SMS moja inabeba herufi 160 wakati nafasi iliyotengwa ni baiti 140.

Mkazi wa Mzenga, kata ya Wilaya ya Kisarawe ambako treni ya TAZARA ina kituo, hutumia ufundi huo kila anapopokea ujumbe wa muamala, na hakuna aliyewahi kumweleza. Ufundi wa kubana una historia ndefu kuliko simu yake. Ulikomaa kati ya mwaka 1975 na 1985, kwenye kompyuta ndogo za nyumbani ambazo mfumo endeshi wake wote, pamoja na lugha ya kuandikia programu, ulikaa ndani ya ROM, yaani kumbukumbu isiyofutika, ya kilobaiti 4, 8 au 16. Picha moja iliyopigwa kwa simujanja leo inaweza kujaza ROM za namna hiyo zaidi ya mia.

Wengi huuliza waliwezaje. Swali hilo lina majibu mazuri na nitayaonyesha. Lakini naona lenye uzito zaidi ni linalofuata: nafasi waliyoiokoa ililipwa na nani? Baiti haiondoki bure. Ikitolewa kwenye ROM, gharama yake huhamia kwingine: kwenye muda, kwenye vidole vya mtumiaji, kwenye usahihi wa hesabu, au kwenye uwezekano wa kurekebisha kosa. Anayeifuata gharama hiyo inakokwenda anazielewa mashine za Cambridge za mwaka 1981, na anaielewa pia simu ya kitochi iliyo mfukoni mwa mkulima wa Kisarawe.

Kwanza tuondoe dhana moja. Leo tukisikia kwamba faili limebanwa tunafikiria lile la zip. Hilo ni kama belo la mitumba: linasafiri vizuri, ila nguo haivaliki mpaka belo lifunguliwe na nguo zitandazwe, na hapo unahitaji sakafu. Kompyuta za nyumbani hazikuwa na sakafu. ZX80 ya kampuni ya Sinclair, iliyotoka mwaka 1980, ilikuwa na ROM ya kilobaiti 4 na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya kilobaiti 1. ZX81 ya mwaka uliofuata ilipata ROM ya kilobaiti 8, na RAM ikabaki ileile kilobaiti 1. Prosesa ilisoma amri kutoka kwenye ROM na kuzitekeleza papo hapo. Hapakuwa na mahali pa kuzifungulia. Msimbo ulipaswa kuwa mdogo ukiwa tayari umesimama kazini. Na bei ilikataza kuongeza chochote: ZX81 iliuzwa Uingereza kwa pauni 69.95 ikiwa imeunganishwa, na pauni 49.95 kwa anayejiunganishia, nayo ilikuwa na chipu nne tu ndani yake.

ROM hizo ziliandikwa na watu wachache wa kampuni ndogo iitwayo Nine Tiles. John Grant aliandika ya ZX80. Steve Vickers ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya ZX81 na ya ZX Spectrum ya mwaka 1982, iliyokuwa na ROM ya kilobaiti 16. Tuitazame hiyo ya Spectrum kwa karibu, kwa kuwa imechambuliwa baiti kwa baiti tangu mwaka 1983 na hakuna kilichobaki cha kukisia.

Prosesa yake, Z80, ina amri ya kuita rutini iitwayo CALL, na inachukua baiti tatu: moja ya amri yenyewe, mbili za anwani. Ina pia amri iitwayo RST, ya baiti moja tu. Kasoro yake ni kwamba inaweza kuita anwani nane pekee, zote mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu: 0, 8, 16 na kuendelea hadi 56. Anwani hizo nane zilikuwa mali adimu kuliko zote katika mashine, na waandishi walizigawa kwa kazi zinazoitwa mara nyingi zaidi. Namba 16 inachapisha herufi. Namba 24 inasoma herufi tuliyofikia katika mstari wa programu, 32 inasogea kwenye inayofuata, 40 inaamsha kikokotoo. Kila mwito uliokoa baiti mbili, na miito hiyo imetapakaa ROM nzima. Namba 8 ndiyo inayonivutia zaidi. Hiyo hutangaza kosa, na baiti inayoifuata si amri tena bali ni namba ya kosa lenyewe. Prosesa ikiita rutini huhifadhi anwani ya kurudia. Hapa anwani hiyo inaelekeza kwenye namba ya kosa, kwa hiyo rutini inaichukua, inaisoma namba, na hairudi tena ilikotoka. Kutangaza kosa lolote, popote ndani ya mfumo, kuligharimu baiti mbili.

Maneno ya lugha ya BASIC nayo yalibanwa. Ndani ya kumbukumbu, PRINT haikukaa kama herufi tano bali kama namba moja, 245. Ili mashine iweze kuliandika neno hilo kwenye skrini, ROM ilikuwa na orodha ya maneno yote yakiwa yamepangwa bila nafasi katikati. Mashine ilijuaje neno linaishia wapi? Herufi za Kiingereza zinatosha katika biti saba, na biti ya nane haina kazi. Basi herufi ya mwisho ya kila neno iliwashiwa biti hiyo: T ya PRINT, ambayo kwa kawaida ni 84, iliandikwa 212. Hakuna baiti iliyotumika kuweka mpaka. Biti ambayo SMS inaitupa, wao waliitia kazini.

Sasa tazama nani alilipa. Kwenye Spectrum mtumiaji hakuandika P, R, I, N, T. Mwanzoni mwa mstari alibonyeza kitufe cha P mara moja na neno zima likatokea. Hilo liliondolea ROM kazi ya kuchambua maneno yaliyoandikwa kwa mkono, kazi ambayo ingekula nafasi nyingi. Matokeo yake ni kwamba vitufe 40 vilibeba maana nne, tano, hata sita kila kimoja, na mtu alitakiwa kukumbuka kipi kinatoa nini katika hali gani. Nafasi iliokolewa ndani ya chipu, na deni likawekwa kichwani mwa mtoto wa miaka 12. Wengi walilipenda deni hilo wakawa mahodari. Lilikuwa deni hata hivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipeuo cha pili, SQR. Hesabu zote za namba zenye desimali zilifanywa na kikokotoo kilichojengwa kwa programu ndani ya ROM, mashine ndogo ndani ya mashine, yenye lugha yake ya baiti moja moja. Baiti moja inajumlisha, nyingine inazidisha, nyingine inaleta nusu, nyingine inafunga hesabu. Namba za kufanyia kazi hukaa kwenye rundo, ya juu ikichukuliwa kwanza, kwa hiyo amri haina haja ya kutaja namba iko wapi. Rutini nzima ya kipeuo cha pili ina baiti saba. Ya kwanza inaamsha kikokotoo. Ya pili inanakili namba uliyoitoa. Ya tatu inauliza kama ni sifuri. Ya nne na ya tano zinaruka hadi mwisho iwapo ni sifuri, kwa kuwa sifuri haina logi. Ya sita inaweka nusu juu ya rundo. Ya saba inafunga kikokotoo. Rutini imekwisha bila kukokotoa chochote, na hata amri ya kurudi haina. Inachofanya ni kudondokea kwenye rutini inayofuata, ile ya kupandisha namba kwenye kipeo, ambayo inakuta namba yako na nusu zikisubiri. Hiyo inatafuta logi ya namba, inaizidisha kwa nusu, kisha inaigeuza kuwa namba tena. Kipeuo cha pili kimepatikana.

Ni kazi nzuri sana, na ni ya polepole. Kutafuta logi ni mfululizo mrefu wa kuzidisha na kujumlisha, na kurudi kutoka kwenye logi ni mfululizo mwingine. Njia ya Newton, ambayo kila mwanafunzi wa hesabu anaweza kuielewa, ingefika upesi zaidi kwa kukisia jibu na kulisahihisha mara chache. Lakini ingehitaji baiti zake yenyewe, wakati rutini ya kipeo ilikuwapo tayari. Commodore 64, iliyotumia BASIC ya Microsoft, ilichagua njia hiyohiyo: kipeuo cha pili ni kipeo cha nusu, na rutini inateremkia kwenye jirani yake. Makampuni mawili yaliyotenganishwa na bahari yalifikia uamuzi mmoja kwa sababu hesabu ya gharama ilikuwa moja: baiti analipa mtengenezaji kwa kila mashine atakayoiuza, sekunde analipa mnunuzi.

Kuna gharama nyingine iliyojificha ndani ya kutegemeana huko. Toleo la awali la ROM ya ZX81 lilikuwa na kosa mashuhuri: kipeuo cha pili cha 0.25 lilikitoa kama 1.3591409, wakati jibu ni 0.5. Itazame namba hiyo vizuri. Ni nusu ya 2.7182818, ile iitwayo e, msingi wa logi asilia. Jibu baya lenyewe linaonyesha alama ya njia liliyopitia, kwamba aliyeuliza kipeuo alipitishwa kwenye logi na kurudishwa. Rutini zikiazimana kazi, kosa la mmoja linakuwa kosa la wote wanaomtegemea. Na ROM haifutiki. Leo kosa kama hilo lingerekebishwa kwa sasisho. Mwaka 1981 lilihitaji kutengeneza chipu upya, na mwenye mashine ya zamani alibaki nalo mpaka abadilishiwe.

Isidhaniwe kwamba kila baiti ilihesabiwa kwa busara. ROM ya Spectrum ilitoka ikiwa na baiti 1,170 tupu kati ya mwisho wa msimbo na mwanzo wa michoro ya herufi, na michoro hiyo yenyewe ilichukua baiti 768. Kipeuo cha haraka kingeenea katika pengo hilo mara nyingi. Kwangu mimi hilo linathibitisha kwamba ubanaji haukuwa wa nafasi peke yake. Ulikuwa pia wa muda wa waandishi. Mashine ilitakiwa sokoni, na kilichokuwa kinafanya kazi kikaachwa kama kilivyo.

Wengine walifika mbali kwa njia nyingine. Bill Gates, Paul Allen na Monte Davidoff, aliyeandika sehemu ya hesabu, waliingiza BASIC ya Altair katika kilobaiti 4 mwaka 1975. Steve Wozniak, katika ROM ya Apple II ya mwaka 1977, aliweka mkalimani mdogo aliyemwita SWEET16, wa baiti 300 hivi, aliyeifanya prosesa ya biti 8 ijifanye ya biti 16. Msimbo wa SWEET16 ni mfupi zaidi na unakwenda polepole takriban mara kumi. Ni kikokotoo cha Spectrum kwa sura nyingine, na hili ndilo wazo kuu la zama zile: ukitaka msimbo mdogo, usiufinye ulio nao; buni lugha ndogo inayofaa kazi yako, kisha andika kwa lugha hiyo.

Hila ya Commodore 64 inastahili kutazamwa taratibu. Ndani ya KERNAL, mfumo endeshi wake, kuna milango tisa ya makosa iliyopangwa mfululizo. Kila mlango unaweka namba yake kwenye rejista: moja, mbili, hadi tisa. Kwa kawaida kila mmoja ungehitaji amri ya kuruka, baiti tatu, ili usiangukie kwenye unaofuata. Badala yake kati ya mlango na mlango kuna baiti moja tu, namba 44. Prosesa ikiikuta inaielewa kuwa ni amri ya kupima biti za anwani fulani, na inazimeza baiti mbili zinazofuata kana kwamba ndizo anwani yenyewe. Baiti hizo mbili ndizo mlango unaofuata. Ukiingilia mlango wa tatu, wa nne unamezwa, wa tano unamezwa, mpaka mwisho. Ukiingilia wa nne moja kwa moja, baiti zilezile ni amri halali. Msimbo mmoja unasomeka kwa namna mbili kutegemea umeingilia wapi. Anayelipa hapa ni mwandishi atakayekuja baadaye kuurekebisha, maana hawezi kusogeza kitu bila kuvunja kingine.

Na BBC Micro ya Acorn, ya mwaka 1981, ilibanwa mpaka kwenye kona isiyoonekana. Sehemu ya anwani za ROM yake, baiti 768, ilifunikwa na anwani za vifaa vya nje, kwa hiyo prosesa haikuweza kuisoma katika matumizi ya kawaida. Msimbo haukuweza kukaa hapo. Wakaandika shukrani na majina ya waliochangia kuitengeneza mashine. Namfurahia aliyefikiria hilo.

Hakuna mojawapo ya mashine hizi iliyotarajiwa kufika Mzenga, na sababu ni ya wazi. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye mashine kulileta vurugu kuliko nafuu, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila idhini maalumu. Masharti yalilegea baadaye na kuisha katika miaka ya 1990. Televisheni nayo ilizuiwa. ZX81 na Spectrum zilitumia televisheni ya nyumbani kama skrini, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa na yake, ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hoja za waliozuia zilikuwa na mantiki katika uchumi wa wakati ule, na sitaki kuzibeza. Lakini hasara ilikuwepo na inafaa itajwe. Uingereza, kizazi kizima cha vijana kilijifunza kwa kufungua ROM usiku, baiti kwa baiti, kikaona kwamba mfumo endeshi umeandikwa na watu na unasomeka. Kijana wa Mzenga mwaka 1983 hakupata nafasi hiyo. Kompyuta zilipokuja, zilikuja zikiwa kubwa na zimefungwa, za kutumiwa tu.

Ufundi wenyewe uliingia kwa mlango mwingine. Lugha ya BASIC ya BBC Micro, kilobaiti 16, iliandikwa na Sophie Wilson. Yeye na Steve Furber ndio waliobuni prosesa ya ARM, ambayo chipu yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1985, Cambridge. Ilikuwa na kasi na ilikula umeme kidogo, ila kila amri yake ilichukua baiti nne, na kwa simu ya mkononi hilo lilikuwa zito kwa sababu kumbukumbu ndiyo iliyoongeza bei. Katikati ya miaka ya 1990 ARM ikatoa seti fupi ya amri iitwayo Thumb: zile zinazotumika zaidi ziliandikwa kwa baiti mbili, na zile adimu zikaachwa kwenye seti ndefu. Programu ileile ikachukua karibu theluthi mbili ya nafasi. Chipu yenye Thumb ilikaa ndani ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, na ukoo huo ukaenea kwenye simu za vitufe zilizofuata, zile tunazoziita vitochi na viswaswadu. Ni mgao uleule wa RST: kinachoitwa mara nyingi kipewe umbo fupi, kinachoitwa mara chache kivumilie urefu.

Mlango mwingine ulikuwa laini ya simu yenyewe. Kadi ile ni kompyuta kamili, ina prosesa, RAM yake na mfumo endeshi wake, na katika miaka ya 2000 nyingi zilikuwa na kilobaiti 32 au 64 za kuhifadhia, ukubwa ambao Vickers angeutambua mara moja. Java Card, iliyoanza mwaka 1996, iliweka ndani ya kadi mashine ya kubuni yenye amri za baiti moja moja na rundo la namba, kama kikokotoo cha Spectrum. Majina marefu ya rutini hugeuzwa namba kabla hayajaingia kwenye kadi, kama PRINT ilivyogeuzwa 245. Namba zenye desimali zimeondolewa kabisa.

Kwenye kadi hizo ndipo fedha za mkononi zilipoanzia safari. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya, Thika na Nairobi, Oktoba 2005, chini ya Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, na programu ikaandikwa na kampuni ya Sagentia, nayo ya Cambridge. Safaricom iliizindua Machi 2007. Vodacom ikaileta Tanzania mwaka 2008. Kenya, menyu ilikaa ndani ya laini, na aliyekuwa na laini ya zamani alilazimika kubadilishiwa. Gharama ya ROM isiyofutika ilikuwa imerudi: kitu kikikaa ndani ya chipu ya mteja, kukibadilisha ni safari ya mteja kwenda dukani. Faida yake ni kwamba menyu ilifanya kazi kwenye simu yoyote, hata ile ya bei ya chini kabisa, na PIN ilisimbwa palepale kwenye kadi.

Njia iliyozoeleka Tanzania ni ya USSD: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money. Hapa menyu haimo ndani ya simu wala ndani ya laini. Iko kwenye seva, na kila ukurasa unakuja ukiwa umebanwa kwa biti saba, herufi 182 ndani ya baiti 160. Ubanaji umefika kikomo chake: kwenye simu hakuna hata baiti moja ya programu. Menyu inaweza kubadilishwa usiku na asubuhi kila mtu akaikuta mpya, bila mtu yeyote kutoka Mzenga kupanda gari kwenda kubadilisha laini. Anacholipa mtumiaji ni kutegemea mnara kila sekunde. Mawimbi yakiyumba katikati ya menyu, kazi inakatika na kuanzwa upya. Katika kata ambayo mawimbi hayashiki kila mahali, bei hiyo si ndogo, ingawa kwa maoni yangu ndiyo mgao wa haki kuliko wote nilioutaja: kampuni inabeba programu, mashine na matengenezo, na mwenye kitochi anabeba subira.

Mgao huo unaweza kuharibiwa na jambo dogo mno. Alama zote zinazohitajika kuandika Kiswahili zimo katika seti ya biti saba, pamoja na kile kikoma cha juu cha ng'ombe na ng'ambo, mradi kiwe kimesimama wima. Mtu akiandaa tangazo kwenye programu ya kuandikia ya kompyuta, programu hiyo mara nyingi hukipinda ili kipendeze. Kikoma kilichopinda hakimo katika seti. Kikiwemo kimoja tu, ujumbe mzima unahamishiwa kwenye biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Tangazo la herufi 100 kuhusu chanjo ya ng'ombe linakuwa jumbe mbili, na chama cha ushirika kinachowatumia wanachama 1,000 kinalipia 2,000. Nimekutana na watumaji wa jumbe za jumla wasiolijua hili hata kidogo, na hakuna anayewaonyesha.

Upande wa simujanja hesabu imegeuka kabisa. Programu ya huduma moja, benki au malipo, huchukua makumi ya megabaiti, kwa sababu mwandishi ameazima maktaba kubwa ili amalize kazi mapema. Si uvivu. Mishahara ya waandishi ni mikubwa, kumbukumbu ni rahisi, na kosa linarekebishika kwa sasisho, jambo ambalo waandishi wa ROM ya ZX81 wangelitamani. Lakini kila sasisho linashushwa kwa bando la mwenye simu. Muda uliookolewa ofisini Dar es Salaam umegawanywa kuwa megabaiti, na wanaozilipia ni watumiaji, mmoja mmoja, kwa vocha za shilingi 500 na 1,000. Anayelipa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake ni yule anayenunua bando dogo, kwa kuwa bando dogo ndilo lenye bei kubwa kwa megabaiti.

Sidai turudi kwenye kipeuo cha baiti saba. Ninachodai ni kikomo kiandikwe kabla kazi haijaanza. Waandishi wa Spectrum hawakuwa na nidhamu ya ajabu. Chipu ya kilobaiti 16 ilikuwa imeshanunuliwa, na hapakuwa na wa kumwomba ya pili. Zabuni za programu za huduma za umma zinaweza kuweka kikomo kama hicho kwa karatasi: ukubwa wa juu wa programu, ukubwa wa juu wa kila sasisho, sasisho linaloshusha kilichobadilika tu badala ya kila kitu, na menyu ya USSD yenye huduma zilezile kwa asiye na simujanja. Kila kimoja kinapimika kwa dakika chache kabla malipo ya mwisho hayajatolewa, na mpimaji hahitaji zaidi ya simu ya bei nafuu, laini moja na siku moja Mzenga.